Chungu shavuni

Aprili, masika yamekolea, nilichoma vyungu sita kwenye tanuri langu la matofali hapa Kimara. Vinne vilipasuka. Wengi husingizia hewa iliyonasa kwenye udongo, lakini mara nyingi mkosaji ni maji. Chungu kikionekana kikavu wakati wa mvua, ndani bado kibichi. Moto ukifika nyuzi 100, maji hayo hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,000. Ukikosa upenyo, unavunja ukuta. Kosa lilikuwa langu: mteja alivitaka kabla ya Pasaka, nami nikaona haya kumwambia asubiri.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini wakati wa kufinyanga tu. Ukishauweka rafuni, haraka yako haina kazi tena.

Wanaokuja kujifunza kwangu huniambia wanatafuta utulivu, na wanadhani uko kwenye gurudumu la kufinyangia. Jamani, gurudumu linaudhi! Wiki za mwanzo udongo unayumba, mgongo unauma, unatoka hapo umetapakaa matope na hasira. Mimi utulivu niliupata kwenye kukausha.

Kila asubuhi, kabla sijashika simu, nachukua chungu na kukigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado. Maji yanayotoka huondoka na joto la udongo. Ndiyo siri ileile ya maji ya mtungini. Narudia kwa kila chungu, polepole, huku daladala za watu zikipiga honi huko barabarani. Mdomo hukauka kabla ya kitako, na udongo hunywea ukikauka, kwa hiyo naufunika mdomo kwa kanga kuukuu yenye unyevu ili chungu kisipate ufa. Kiangazi, wiki moja yatosha. Masika, hata tatu. Sina la kufanya ila kurudi kesho, na kwa mtu niliyekuwa siwezi kukaa bila kuhangaika, hiyo ni dawa.

Viwili vilivyopona yuko navyo mama ntilie wa jirani, anachemshia maharage. Nikipita nachungulia, kama mzazi.

Vile vinne nimevitwanga. Vigae vilivyosagwa vikichanganywa kwenye udongo hupunguza kunywea na kuupa mvuke njia ya kutokea. Vimo ndani ya chungu kikubwa kilichoko rafuni sasa, siku ya kumi na mbili.

Leo asubuhi kilikuwa bado baridi.