Kwa nini daktari amebadilisha dawa? Maneno ya barazani Tanga na yaliyopimwa Muheza

Baraza lolote la Ngamiani, hapa Tanga mjini, likigusa malaria, hakosekani wa kusema kwamba dawa za zamani ndizo zilizokuwa dawa. Baadhi ya kauli hizo zinastahili jibu.

Dhana potofu: Klorokwini ilikuwa inaponya, ikaondolewa kwa ajili ya biashara.

Ukweli: Vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea. Mgonjwa alimeza, akajikuna mwili mzima kama ilivyokuwa ada ya vidonge vile, na homa ikashuka, kwa sababu klorokwini hutuliza homa hata inaposhindwa kuua vimelea. Nyumbani wakamhesabu amepona. Wiki chache baadaye yuko tena kwenye foleni ya zahanati.

Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikaweka SP (vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini), nayo haikudumu. Wilayani Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 1,811 wa chini ya miaka mitano, wakiwapima damu tena baada ya dozi. Matokeo yakachapishwa 2005. Kufikia siku ya 14, amodiakwini, dawa nyingine ya malaria, ikitumiwa peke yake ilikuwa imeshindwa kwa watoto 42 katika kila 100. Ikiunganishwa na SP, 20. ALu, hii tunayoiita mseto, mtoto 1 tu. Kufikia 2007 mseto ndiyo iliyokuwa tiba ya kwanza nchini. Anayetaka kubishia uamuzi ule aanze na hesabu hiyo.

Dhana potofu: Dripu haina madhara, mtoto aliyezidiwa apewe maji mengi, tena upesi.

Ukweli: Hili hata madaktari waliliamini, wala si kwa ujinga. Mtoto ana homa kali, mikono ya baridi, moyo unakwenda mbio. Damu haizunguki sawasawa, kwa hiyo mwongezee maji mishipani haraka. Ndivyo walivyofundishwa, na ina mantiki.

Utafiti uitwao FEAST uliipima mantiki hiyo kwa watoto 3,141 katika vituo sita vya Uganda, Kenya na Tanzania, cha kwetu kikiwa Muheza. Bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani aongezewe maji mengi kwa haraka na nani abaki na ya kawaida, ya polepole, ili huruma ya daktari isije ikawarundika mahututi wote upande mmoja. Baada ya saa moja, wengi zaidi kati ya waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu. Nesi yeyote pale wodini angeapa kwamba dripu imefanya kazi. Lakini kufikia saa 48, kati ya kila 100 waliopewa maji hayo walikuwa wamefariki 10 na nusu hivi; upande wa pili, 7 na kidogo. Mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia.

Hapo ndipo napata shida na neno “nimeona kwa macho yangu”. Jicho liliona saa ya kwanza, tena liliona sawa.

Tahadhari: watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali. Mama asije akakataa dripu ya mtoto anayeharisha kwa kuninukuu mimi.

Dhana potofu: Dawa hupimwa Ulaya, sisi tunaletewa tu.

Ukweli: Muheza na Korogwe zilikuwamo pia katika utafiti wa AQUAMAT, uliolinganisha kwinini na sindano ya artesuneti kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali. Kwinini, walifariki 10.9 kwa kila 100, artesuneti, 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wa namna hiyo wapewe artesuneti. Chanjo ya malaria ya RTS,S nayo ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo.

Dhana potofu: Dawa ikiachwa, basi ni sumu.

Ukweli: SP iliyoachwa kutibu malaria bado wajawazito wanaimeza kliniki, kama kinga. Na Malawi, iliyoachana na klorokwini mwaka 1993, ilikuja kuipima tena: matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha inaponya watoto 99 kwa kila 100. Vimelea vilivyoizoea vilikuwa vimepotea. Hata hivyo haikurudishwa kuwa tiba ya kawaida, kwa sababu ikitumiwa peke yake vingeizoea upya.