Zege la Kirumi Halina Uchawi

Ile picha ya kuba la Pantheon, hekalu la kale la Roma, imeanza kuzunguka tena mitandaoni, na maneno ni yaleyale: Warumi walikuwa na siri ya zege, majengo yao yote yamesimama miaka 2000, sisi tunadanganyana na saruji ya mifuko. Jamani, kuba lile halina nondo hata moja. Anzeni hapo.

Kwetu kinachoanza kuoza ni chuma. Chumvi au hewa ya ukaa ikifika kwenye nondo, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Fundi aliyefunika nondo kwa sentimita moja tu, halafu akazidisha maji ili zege liteleze, nguzo yake keshaipangia tarehe ya kubomolewa. Mrumi hakuwa na shida hiyo, ila aliilipia: boriti nyembamba hakuziweza, akabaki na matao, makuba na kuta nene. Kuba la Pantheon lina kipenyo cha mita 43 hivi, unene wa karibu mita 6 chini na zaidi kidogo ya mita 1 juu. Kokoto zake nazo zinapungua uzito kadiri unavyopanda, hadi mawe mepesi ya volkano kileleni. Na nyufa linazo, zinapanda kutoka chini. Halianguki kwa sababu vipande vinaegemeana kama matao.

Siri gani, wakati Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika vipimo? Chokaa 1 kwa mchanga wa kuchimba 3. Kwa kazi za baharini, chokaa 1 kwa pozolana (majivu ya volkano) 2. Tena hawakumwaga zege. Walipanga mawe kwa mkono, tabaka kwa tabaka, wakashindilia mota nzito katikati ya kuta mbili za matofali. Frontinus, msimamizi wa maji ya Roma, alishauri ujenzi ufanyike kati ya Aprili na Novemba, na usimame joto likizidi.

Ninaposita ni kwenye utafiti wa 2023 uliosema walichanganya chokaa ikiwa bado haijazimwa kwa maji, na kwamba vipande vyeupe vya chokaa vilivyobaki ndani ya zege huziba nyufa. Kuziba kunawezekana. Lakini Vitruvius anazungumzia chokaa iliyozimwa, na vipande kama hivyo huweza kutokana na uzimaji mbovu pia. Zege la bandarini, sawa, nakubali: maji ya chumvi yaliotesha madini yaliyoliimarisha.

Kuhusu “yote yamesimama miaka 2000”: nyumba za kupanga za Roma zilikuwa zinaanguka kiasi kwamba Kaizari Augustus aliweka kikomo cha futi 70 kwa majengo mapya ya kando ya barabara. Hizo hakuna anayezisambaza.