Kurudi kazini ukiwa na ugonjwa wa akili: usisubiri upone kabisa, na usirudi peke yako

Swali tunaloulizwa kuliko yote kliniki ya afya ya akili sio la dawa, ni hili: "ntarudi lini kazini?" Anauliza mgonjwa, anauliza mke wake, mama mzazi anauliza kwa sauti ya chini maana huyo aliyelala ndani ndo alikuwa analipa kodi ya nyumba. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, daktari na nesi wanashughulika na ugonjwa, mimi nashughulika na siku ya mtu, anaamka saa ngapi, anaweza kupika, kupanda gari, kuhesabu hela, kukaa na wenzake masaa mangapi bila kuelemewa. Na jibu langu ni kwamba usisubiri upone kabisa ndo urudi, kwa walio wengi kupona kwenyewe kunapitia kwenye kazi, ila rudi kidogo kidogo na rudi ukiwa na watu ambao wameshaipita njia hiyo. Hili la pili watu wanalidharau sana na ndo nataka kulisema zaidi leo.

Mtu mwenye skizofrenia (kusikia sauti au kuamini mambo ambayo hayapo), baipola (hali kupanda sana na kushuka sana), sonona kali (huzuni nzito isiyoondoka) au wasiwasi uliopitiliza sio mtu wa kufichwa chumba cha uani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili, na wengi wao wako kazini hata sasa hivi, wanajificha tu. Wanajificha kwa sababu wanajua mtaani kwetu ikishasemwa "yule alishapelekwa Mirembe" basi hata akikasirika kwa haki yake anaambiwa ugonjwa umerudi. Watu wanatibiwa Mirembe kule Dodoma wanapata nafuu wanarudi makwao kama hospitali nyingine yoyote, kufanya jina la hospitali kuwa tusi ni jambo linaloniumiza kila nikilisikia.

Sasa, vitu vinavyomwangusha mtu akisharudi kazini mara nyingi ni vidogo, na havisemwi kwa daktari. Foleni ndefu, ukifika ndani unaulizwa unaendeleaje unasema nzuri, unaandikiwa dawa unaenda dirishani. Kuna konda mmoja alikuwa anatumia haloperidoli, dawa ya kuzima zile sauti, sauti zilikuwa zimekwisha kabisa, familia inafurahi, lakini mikono inatetemeka na vidole vimekakamaa, chenji inamdondoka, abiria wanamwambia amelewa asubuhi yote hii. Yeye akaamua mwenyewe kuacha dawa ili apate kazi. Kliniki hakusema kitu. Aliyesema naye ni mgonjwa mwenzake, fundi cherehani, kwenye benchi pale nje, alimwangalia tu mikono akamwambia "hiyo ni dawa sio wewe, mimi uzi ulikuwa hauniingii kwenye sindano, waambie wanapunguza dozi au wanakupa nyingine ya kulainisha." Ni kweli kabisa, kukakamaa na kutetemeka ni madhara yanayojulikana ya dawa za kundi hilo na yana namna ya kurekebishwa, daktari anapunguza dozi, au anaongeza dawa ya kutuliza hali hiyo, au anabadilisha kabisa. Dakika tano za kwenye benchi zilifanya kazi ambayo sisi wenye makoti meupe tulikuwa hatujaifanya kwa miezi.

Au mama lishe anayetakiwa aamke saa kumi alfajiri awahi vitu soko la Mabibo afu saa kumi na mbili awe ameshabandika supu. Anapewa olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia na baipola inayoleta usingizi, anaambiwa kunywa usiku, anakunywa saa tano akishamaliza kuosha vyombo, alfajiri kichwa kizito haamki, wateja wanahamia kwa jirani. Wenzake kwenye kikundi ndo waliomuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, "unakunywa saa ngapi na unaamka saa ngapi?" Akaja kwetu, daktari akakubali asogeze dawa mapema jioni, mambo yakanyooka. Angalieni hapo, kikundi hakikumbadilishia dawa, kilimpa swali la kumpelekea daktari. Hiyo tofauti ni kubwa na nitairudia.

Kwa mwenye baipola kitu cha kuangalia kuliko vyote ni usingizi. Kukosa usingizi sio dalili tu ya ugonjwa kupanda, kwenyewe kunaweza kuupandisha, kwa hiyo shifti za usiku kiwandani au ulinzi wa kulala mchana na kukesha, leo usiku kesho mchana, ni hatari kwake kuliko kazi ngumu ya mchana. Mlinzi, dereva wa magari ya mkoani, nesi pia, kama unaweza kuomba shifti isiyobadilika badilika iombe. Na kama uko kwenye lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, Dar hii na joto lake, kunywa maji ya kutosha, pima damu kila unapoambiwa, na usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa kisa mgongo unauma, hizo zinaweza kupandisha lithiamu kwenye damu mpaka ikawa sumu. Ukiona unatetemeka sana, unaharisha, unayumba kama umelewa, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wa sonona nao wavumilie, dawa haifanyi kazi kwa siku mbili, nafuu inaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na ukipata nafuu bado unaendelea nayo kwa miezi mpaka daktari aseme, maana wengi wanaacha wiki wanayojisikia vizuri na ndo hiyo wanayopangiwa kazi nyingi.

Kuhusu kumwambia bosi. Hapa sina jibu moja na simwamini anayetoa jibu moja. Sio lazima umtajie bosi jina la ugonjwa ili uombe kitu, unaweza kusema natumia dawa ya kila siku inanipa usingizi asubuhi, naomba niingie saa tatu nitoke saa kumi na moja. Lakini haki zako zijue. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa mpaka siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi umefikisha miezi 6 kazini na una cheti cha daktari, na sheria haibagui malaria na skizofrenia. Sheria hiyo hiyo inakataza kubagua mfanyakazi kwa ulemavu. Ila najua wengi wenu hamna mkataba, una meza Kariakoo, una bodaboda ya mtu na hesabu inatakiwa kila jioni, kwako sheria hiyo iko mbali. Kwako kikundi ndo kinabeba mzigo, mwenzako anakushikia meza siku ya kliniki, mnachangishana upatu mdogo wa dharura ya dawa zikikosekana hospitali, mtu anakwenda kuongea na mwenye pikipiki.

Na hii habari ya wagonjwa kusaidiana sio sisi tumeitunga kwa sababu wataalamu ni wachache. Dar es Salaam ilikuwa moja ya miji sita iliyoshiriki utafiti wa UPSIDES, pamoja na Kampala, Pune ya India, Beer Sheva ya Israeli, na Ulm na Hamburg za Ujerumani, hapa kwetu kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, ambapo watu waliowahi kuugua wenyewe walifundishwa kusaidia wenzao walio kwenye matibabu. Kuna pia utafiti wa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, iliyofanyika Muhimbili na Mbeya, mgonjwa na ndugu yake wanakaa pamoja kwenye kikundi na familia nyingine. Mimi huu wa ndugu naupenda sana, kwa sababu nusu ya ugomvi nyumbani ni mtu kuitwa mvivu kumbe ni dawa, au ni ugonjwa wenyewe umemkausha ari.

Kikundi kizuri utakijua. Kinachosemwa ndani hakitoki nje, hata kwa mke. Hakuna anayemwambia mwenzake acha dawa, na hakuna anayegawa vidonge vyake. Hakuna anayeuza tiba wala mafuta ya upako, sijasema usiende kuombewa, nenda na dawa zako mfukoni. Na kila mtu ameshawaambia wenzake dalili zake za mwanzo, mmoja anaanza kupiga simu usiku wa manane, mwingine anaacha kuoga, mwingine anagawa hela, ili wakiziona wamfuate kwake kabla hajapoteza kazi. Lakini mtu akisema anataka kujiua, au sauti zinamwamrisha amuumize mtu, hapo sio kazi ya kikundi tena, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na sio kwa kamba.

Kukipata, anza pale unapotibiwa, Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala, muulize nesi au afisa ustawi wa jamii kama kuna kikundi cha wagonjwa au cha familia. Ukiambiwa hakuna, watu watatu wanne mnaokutana kliniki siku moja mnatosha, muombeni nesi chumba au hata kivuli cha mti kliniki ikiisha. Siku ya kwanza msianze na katiba wala mwenyekiti, kila mtu aseme tu dawa anakunywa saa ngapi na kazini anatakiwa kuwa saa ngapi, mtashangaa mtakavyokuwa na ya kuongea.