Vitabu vya mifumo endeshi: dhana zinazowapotezea vijana muda

Kila likizo vijana hunijia barazani hapa Langoni, Lamu, na swali lilelile: nianze na kitabu gani ili niweze kuandika programu za mfumo endeshi, yaani ule unaoiendesha kompyuta, kama Linux? Wengi huja wameshapotoshwa.

"Kitabu cha zamani hakifai"

Hii ndiyo dhana inayodhuru zaidi, maana nusu yake ni kweli. Kijana mmoja aliniletea laptopu akiwa amenakili draiva (programu ya kuendeshea kifaa) neno kwa neno kutoka Linux Device Drivers, toleo la 3 la mwaka 2005. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa ikiukataa mstari wa `ioctl`, unaopokea amri za kifaa.

"Maalimu, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu."

Kitabu kile kiliandikiwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 2.6.10, na `ioctl` ya namna ile iliondolewa katika 2.6.36. Tukaandika `unlocked_ioctl`, tukaitoa `inode` kwenye mabano, tukaifanya irudishe `long`. Mstari ukapita.

Yanayozeeka ni majina ya ndani ya kerneli. Fikra zenyewe zinadumu: kuigawa kumbukumbu kurasa kurasa, kuipangia michakato zamu, kuifungia data isiguswe na wawili kwa pamoja. Mfumo endeshi mdogo wa xv6, ambao chuo cha MIT cha Marekani huufundishia, umefuata mfumo wa Unix, Toleo la 6 la mwaka 1975. Basi kabla ya kununua, tazama kitabu kinafundisha nini. Kama ni fikra, mwaka usikutishe. Kama ni majina, angalia kimeandikiwa kerneli ipi.

"Kitabu kimoja kinene kinatosha"

Hapa kuna kazi mbili. Kuna kuandika programu inayoiomba kerneli huduma kwa miito ya mfumo kama `fork`, `exec` na `wait`, na kuna kuiandika kerneli yenyewe. Kwa ya kwanza, The Linux Programming Interface cha Michael Kerrisk (2010) ni hazina, lakini kina kurasa zaidi ya 1,500. Kiweke karibu ukifungue unapokwama.

Na wanaodhani kitabu kizuri lazima kiwe ghali, Operating Systems: Three Easy Pieces hupatikana bure kwenye intaneti, sura mojamoja. Mwenye bando dogo anapakua sura ya leo tu. Mimi ndicho ninachowaanzishia, wakishaijua lugha ya C.

"Maliza kusoma kwanza, ndipo uandike"

Nenda Matondoni ukawatazame mafundi wa majahazi: mwanafunzi hushikishwa tezo mapema. Kerneli ya xv6 haifiki mistari 10,000, na ina kitabu chake kifupi kinachoieleza. Soma sura moja, kisha iendeshe ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na uiongezee mwito wa mfumo wako mwenyewe, hata kama kazi yake ni kurudisha namba 7 tu. Itaanguka mara nyingi. Lakini itaangukia ndani ya QEMU, na laptopu yako haitadhurika; funga dirisha, soma tena ule ukurasa, uiwashe upya.