Watoto njiti na fedha za serikali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wasemao kwamba mtoto njiti huja kwa uzembe wa mama, kwamba alibeba ndoo nzito au alipanda pikipiki kwenye barabara mbovu, na kwa hiyo serikali haina cha kutafiti hapo. Ukweli ni kwamba kujifungua kabla ya wiki 37 si tatizo lenye chanzo kimoja. Kuna maambukizi yanayopanda hadi kwenye mfuko wa uzazi, kuna mlango wa kizazi uliofupika, kuna mimba ya mapacha, kuna shinikizo la damu linalomlazimu daktari kumtoa mtoto mapema ili kumwokoa mama, na kwa wengi chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo vyote. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani, takriban mmoja kati ya kila kumi. Kumlaumu mama hakugharimu hata senti, na labda ndiyo maana lawama hiyo imedumu.

Dhana nyingine, ambayo husikika hata kwa wasomi, ni kwamba sheria ikishapitishwa fedha zimekwisha kupatikana. Nchini Marekani, Desemba 2006, Rais George W. Bush alitia saini sheria iitwayo kwa kifupi PREEMIE, iliyolenga kupanua utafiti wa kuzuia uzazi wa kabla ya wakati, nayo ikahuishwa mwaka 2013 na tena 2018. Sheria ya namna hiyo hutoa ruhusa tu. Fedha zenyewe hutengwa na Kongresi mwaka hadi mwaka katika bajeti, na kinachotengwa kinaweza kuwa pungufu ya kilichoruhusiwa. Ruhusa nayo ina ukomo, hivyo wazazi na watetezi wao hurudi kubisha hodi mlango ule ule.

Husemwa pia kwamba kazi hii iachiwe kampuni za dawa. Lakini ni kampuni gani itakayotumia mamilioni kuchunguza kidonge ambacho kila duka la dawa linakiuza kwa bei ya karanga? Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya watoto ndiyo iliyogharimia jaribio la aspirini lililochapishwa mwaka 2020, likihusisha wanawake 11,976 ambao hawakuwa wamewahi kuzaa, katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nusu yao walipewa miligramu 81 kila siku kuanzia kabla ya wiki ya 14, na nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 11.6 kwa waliomeza aspirini na asilimia 13.1 kwa wenzao. (Mjamzito asianze kuimeza bila kumwona daktari.)

Dhana ya mwisho tunayo hata sisi tunaounga mkono utafiti: kwamba serikali ikishagharimia jaribio na jibu likapatikana, mambo yamekwisha. Mwaka 2003 jaribio lililolipiwa na taasisi ile ile, kwa wanawake 463 waliowahi kujifungua kabla ya wakati, lilionyesha kwamba sindano ya aina fulani ya homoni ya projesteroni ilipunguza sana hatari ya hilo kujirudia. Kwa msingi huo dawa hiyo, iliyouzwa kwa jina la Makena, ilipata kibali cha haraka mwaka 2011 kwa sharti la kufanyika jaribio jingine la kuthibitisha. Na dozi ambayo wafamasia walikuwa wakiichanganya wenyewe kwa dola chache ikatangazwa kwa dola 1,500. Jaribio la pili, lenye wanawake takriban 1,700, lilitoa matokeo mwaka 2019: waliojifungua kabla ya wiki 35 walikuwa asilimia 11.0 kwa waliochomwa dawa na asilimia 11.5 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Kibali kilifutwa Aprili 2023. Kwa miaka 12 wajawazito walikuwa wamechomwa sindano hiyo kila wiki, kuanzia kati ya wiki ya 16 na ya 20 hadi ya 37.