Cheech Marin na sanaa ya Wachicano: si pumbao la uzeeni

Wengi wanaomkumbuka mchekeshaji Mmarekani Cheech Marin kwa vichekesho vya bangi alivyoigiza na mwenzake Tommy Chong katika miaka ya 1970 hudhani kwamba jumba la sanaa lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2022 katika iliyokuwa maktaba ya umma mjini Riverside, California, ni pumbao la uzeeni la mtu maarufu. Sivyo. Marin alianza kununua michoro ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, tangu miaka ya 1980, wakati makumbusho makubwa yakiipa nafasi finyu mno, kisha akaizungusha katika miji kadhaa ya Marekani kwa maonyesho. Mkusanyo wake, wenye mamia ya kazi, zikiwemo za wachoraji Carlos Almaraz na Frank Romero, ni wa mnunuzi mwenye jicho kali, wala si wa mchekeshaji anayetafuta sifa.