Hofu ya Mtihani Haianzii Katika Chumba cha Mtihani

Kila ifikapo muhula wa tatu, walimu wa ushauri nasaha jijini Nairobi hupokea wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaolalamikia maumivu ya tumbo, kukosa usingizi au kusahau walichosoma jana. Baadhi yao hupimwa hospitalini wasipatikane na ugonjwa wowote. Kinachowasumbua ni hofu ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, na hofu hiyo wazazi wengi huiita uvivu.

Mwaka 1967, watafiti Liebert na Morris waliitenganisha hofu hii katika sehemu mbili: msisimko wa mwili, kama vile moyo kwenda mbio na viganja kutoka jasho, na mawazo ya kushindwa yanayojaa akilini. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mawazo hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kushuka kwa alama, kwa kuwa sehemu ya kumbukumbu tunayofanyia kazi papo kwa papo ina nafasi finyu. Mtahiniwa wa Hisabati anayekokotoa logarithimu huku akijiuliza atamwambia nini mama yake akifeli, husoma swali mara tatu bila kulielewa, hunakili tarakimu isiyo sahihi, kisha akishatoka nje hukumbuka njia yote. Wasiwasi kidogo, hata hivyo, humchangamsha mwanafunzi na hauhitaji tiba.

Je, mawazo hayo hutoka wapi? Kwa kiasi kikubwa, hutoka kwetu sisi watu wazima. Kwa kuwa C+ ndiyo gredi ya chini ya kujiunga na masomo ya shahada, familia nyingi huichukulia kuwa hukumu ya maisha. Mtoto anayekumbushwa kila likizo kwamba mkopo wa chama cha akiba ulichukuliwa ili alipiwe karo hasikii himizo, bali anasikia deni. Shuleni nako, matokeo ya mtihani wa majaribio hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, desturi ambayo sioni faida yake, maana aliye mkiani anajijua tayari.

Iko pia hofu yenye msingi. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwa ajili ya karo, akarejea na kukuta darasa limemaliza mada mbili, au anayesomea katika chumba kimoja na wadogo zake katika mtaa wa mabanda wa Mathare, hana maandalizi ya kutosha na anajua hivyo. Kumfundisha kuvuta pumzi polepole pekee hakutoshi. Anahitaji mwalimu wa kumfidia vipindi na mahali patulivu pa kusomea.

Kwa aliyejiandaa lakini bado anatetemeka, utafiti wa Ramirez na Beilock wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuandika wasiwasi wote karatasini kwa dakika 10 kabla ya mtihani kunaweza kuinua matokeo. Kufanya mazoezi kwa kufuata muda halisi wa karatasi husaidia pia. Kukesha hakusaidii, kwani kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Mwanafunzi akiacha kula, akijitenga na wenzake au akisema kwamba maisha hayana maana, mzazi asingoje mitihani iishe. Amwone mwalimu mshauri au daktari siku hiyo hiyo, au apige simu ya watoto nambari 116, ambayo hailipishwi.